Mpira Uliodondoshwa San Lucio

San Lucio, Sonora
22 Machi 1976

Mdogo wangu Eneida,

Salamu zitangulie. Mimi ni mzima kuanzia magotini kwenda juu. Magoti yenyewe hata daktari wa timu ameacha kuyaulizia. Mama hajambo? Mwambie kahawa aliyompa yule mrushaji wa besiboli wa kwetu Consuelo aniletee ilinifikia. Imepungua robo, na mletaji anaapa walioipunguza ni watu wa forodha. Nimemsamehe, kwa sababu ana miaka kumi na tisa na hapa hakuna kahawa ya kunywewa na Mkristo.

Msimu umeanza na mimi niko benchi. Wameleta mdakaji mwingine, kijana wa hapahapa, mwenye mkono kama teo. Nikimwangalia anavyochuchumaa nyuma ya mpigaji nasikia wivu ambao sikuwahi kuusikia kwa mwanamke yeyote. Huu ni mwaka wangu wa mwisho. Hakuna aliyeniambia, ila wameanza kuniita mzee kwa heshima. Zamani walikuwa wananiita kwa matusi.

Sasa nije kwenye lililonikalisha kuandika. Mwenye timu, Don Heriberto, analima pamba na ana ndege ya kunyunyizia dawa. Tarehe 18 Julai uwanja wetu unatimiza miaka ishirini na mitano, naye anataka jambo ambalo halijawahi kuonekana: mpira udondoshwe kutoka ndegeni, mita mia tatu juu, na mtu audake kwa glovu. Inasemekana waliowahi kujaribu kokote hawakufika urefu huo. Watakuja watu wa ligi, na mmoja wa wale wanaotunza kitabu cha rekodi. Don Heriberto aliuliza nani anataka. Wote wakatazama viatu vyao. Mimi nikainua mkono.

Ndiyo maana nakuandikia. Miaka ishirini nimecheza kwa cheti cha kuzaliwa cha marehemu ndugu yetu Fausto, unajua vizuri kuliko mtu yeyote. Kitabu hicho kitaandika jina moja tu, na nataka liwe langu. Nenda kwa msajili wa San Pedro unitolee cheti cha Radhamés. Hawampi mtu nakala mpaka ndugu afike mwenyewe, na mama hawezi tena ngazi zile.

Mpigie mama busu. Hili la ndege usimwambie.

Kaka yako,
Radhamés


Santo Domingo
19 Aprili 1976

Kaka yangu Radhamés,

Barua yako ilichukua siku ishirini na moja, nami nimeikalia siku saba kabla ya kushika kalamu, jambo ambalo naomba ulihesabu kama heshima, si uzembe. Mama ni mzima. Pasaka tulikuwa naye nyumbani Consuelo. Alipika maharage matamu ya Kwaresima katika sufuria lile kubwa na kuyagawa mtaa mzima, kisha akalalamika kwamba hayakubaki. Shinikizo la damu limeshuka. Chuo kimefunguliwa tena baada ya mgomo na ninafundisha madarasa matatu ya historia, ingawa sina hakika kwamba wanafunzi wananisikiliza zaidi ya wanavyosikiliza redio zao.

Ombi lako nimelisoma mara nyingi. Niruhusu niliweke wazi lile ambalo nyumbani kwetu hatulisemi, kwa maana nisipolisema sitaweza kukujibu kwa haki. Fausto alifariki mwaka 1945, akiwa na miaka sita, katikati ya msimu wa kukata miwa. Baba hakwenda kuandikisha kifo, kwa sababu siku moja ya kutokwenda kazini ilitosha kumfukuzisha, na miwa ilipokwisha hakuna aliyekumbuka kwamba serikali nayo ilipaswa kuambiwa. Hivyo katika daftari la nchi Fausto hakufa. Mwaka 1956, wawindaji wa wachezaji walipokuja wakitafuta vijana wa miaka kumi na saba, wewe ulikuwa na ishirini na mmoja. Baba akatoa cheti cha Fausto sandukuni. Mtu mmoja tu nyumbani aliweza kusoma vizuri mbele ya wageni, naye alikuwa na miaka kumi na minne. Nilikisoma kwa sauti, jina, siku na mwaka, na nilijivunia kwamba sikukwama hata neno moja.

Sikuandiki haya ili kukukataza kudai kilicho chako. Nauliza tu kama mahali pa kukidai ni chini ya ndege. Mwenzangu wa idara ya fizikia amenifanyia hesabu. Kutoka urefu huo mpira utafika chini kwa mwendo wa kilomita mia na hamsini kwa saa. Alipoona sicheki aliuliza, "Kwani huyo mtu ana bima?" Nikamwambia ni mfano wa darasani.

Kwa msajili nitakwenda. Usitarajie haraka, ofisi zile unazijua.

Dada yako,
Eneida


San Lucio
16 Mei 1976

Mdogo wangu,

Nashukuru kwa salamu, na kwa maharage niliyokula kwa macho tu. Huku kuna joto la kukaangia mayai juu ya benchi. Chuy, mrushaji wetu, alijaribu kweli. Yai liliiva upande mmoja.

Mwambie huyo msomi wa fizikia kwamba kilomita mia na hamsini kwa saa ndizo nimekuwa nikirushiwa tangu nikiwa kijana, tena na watu wasiojua mpira unaelekea wapi. Tofauti ni kwamba huu unatoka juu. Nakubali kwamba tofauti si ndogo. Mpira unaotoka mbele unauona ukikua. Unaotoka juu ni kitone, halafu ni kitone, halafu umefika.

Tunafanya mazoezi kwenye mnara wa tangi la maji. Chuy anapanda na kikapu, mimi niko chini na kofia ya chuma. Mji mzima huja kutazama.

"Mzee, lete sufuria, acha glovu!" anapiga kelele yule muuza karanga.

"Sufuria mwachie mama mkwe wako," namjibu, "litamfaa kofia."

"Sogea kushoto! Kushoto kwako, si kwangu!" Chuy anasema kutoka juu.

"Wewe dondosha, usinifundishe kazi!" namwambia.

Siku ya kwanza nilikosa mipira yote kumi na miwili. Mmoja ulizama ardhini hadi nusu. Sasa nadaka saba katika kumi, ila kidole cha kati cha mkono wa kushoto hakikunjiki. Huo ni mnara wa mita arobaini.

Umeniuliza kama hapa ndipo mahali pa kudai. Sina pengine, Eneida. Nilisaini na watu wakubwa, nikapelekwa miji midogo ya kaskazini miaka mitano, nikalala kwenye mabasi. Mara moja tu waliniita juu kabisa, kwenye ligi kuu yenyewe. Nilikaa siku kumi na moja nikiwa nimevaa jezi safi, sikuingia uwanjani hata dakika moja, wakanirudisha. Baadaye Mexico, misimu kumi na minne. Michezo elfu moja mia sita na kumi na miwili nikiwa nimechuchumaa. Kila mpira niliodaka umeandikwa, na hakuna hata mmoja ulioandikwa kwa jina langu. Redio ikitangaza, jirani humwita mama, "Njoo, Fausto kapiga!" Mama husikiliza amesimama, nasikia, na hakai mpaka watangaze kitu kingine. Umewahi kumuuliza anamsikiliza nani?

Naomba cheti kifike kabla ya tarehe 18 Julai. Kikija nitampa yule wa kitabu mkononi. Don Heriberto sijamwambia.

Kakako,
Radhamés


Santo Domingo
14 Juni 1976

Kaka yangu mpendwa,

Tunamshukuru Mungu, mama ameamka salama kutoka homa iliyomlaza wiki moja, na jana alianza tena kugombana na kuku wa jirani, ishara ambayo madaktari wangepaswa kuiandika vitabuni. Mimi pia ni mzima. Mvua imeharibu paa la jikoni, na fundi ameahidi kuja Jumatatu ambayo hakuitaja ni ya mwezi gani.

Kuhusu cheti: msajili anasema daftari la mwaka 1935 limeliwa na mchwa na liko kwa fundi wa vitabu anayelishona upya. Anasema nirudi Agosti. Nasikitika kukuandikia hivi.

Kidole chako kisichokunjika ninakifikiria nikiwa darasani. Nimejaribu kujenga hoja ya kukuzuia na kila nikiisimamisha naona kasoro yake. Nikisema jina si kitu, nitakuwa mwongo, kwa kuwa mshahara wangu unatokana na kusoma majina yaliyoandikwa. Nikisema maisha ni bora kuliko rekodi, utaniuliza maisha ya nani, na sitakuwa na jibu jepesi. Pengine lililobaki si hoja. Naogopa tu, na hofu haifuati mantiki.

Nimekuvunjia neno moja, unisamehe. Mama amejua. Alinikuta na barua yako na akanitaka nimsomee, nami nikasoma yote, hata swali lako. Alimenya ndizi tatu nzima. Kisha akasema, "Mwandikie kwamba nilizaa watoto watatu, sikuzaa kikapu cha kudakia mipira." Nikamuuliza, "Na redioni, mama, humsikiliza nani?" Akasema, "Huyo na yeye anauliza mambo!" akaondoka na maganda.

Acha jambo hili. Njoo nyumbani Oktoba ukiwa na uso uliokwenda nao. Hapa jina lako halihitaji cheti.

Eneida


San Lucio
10 Julai 1976

Mdogo wangu,

Afya yangu nzuri, ya mama nashukuru kusikia, na paa Mungu atalitazama. Naandika kwa haraka, maana mwenye kupeleka barua mjini anawasha gari.

Zimebaki siku nane. Jana tulijaribu na ndege kwa mara ya kwanza, mita mia moja na hamsini tu. Mpira ulitua mita sitini kutoka nilipo, na wa pili ulimkosa mbuzi kidogo. Rubani anasema upepo. Chuy anasema rubani.

Mchwa nimewasikia. Sitagombana nao.

Cheti kiwepo kisiwepo, nitasimama. Kabla ya ndege kuja watanipa kipaza sauti nisalimie watu, nami nitasema jina langu. Watu elfu sita watalisikia. Mara moja tu, Eneida. Kisha mpira uje.

Mama mwambie nimekula vizuri.

R.


Santo Domingo
2 Agosti 1976

Kaka yangu,

Sijui kama una macho ya kusomea barua hii, wala kama kuna mtu anayeweza kukusomea, kwa hiyo nisamehe nikizipunguza salamu: mama yuko hai, mimi niko hai, na sote wawili hatulali.

Barua yako ya tarehe 10 ilifika tarehe 27. Siku tano kabla yake, gazeti la hapa lilikuwa limechapa mistari minne chini ya matokeo ya mbio za baiskeli: kwamba mdakaji Mdominika, Fausto Peguero, miaka 37, alijeruhiwa vibaya usoni kule Sonora katika onyesho la sherehe. Vibaya kiasi gani, halikusema. Nimepeleka telegramu mbili kwa klabu. Ya pili ilijibiwa kwa neno moja: ANAENDELEA.

Yanibidi sasa nikuambie jambo, na nitaliandika kwa sentensi fupi ili nisipate pa kujificha. Hakukuwa na mchwa. Daftari la 1935 ni zima. Nilikwenda San Pedro Jumatatu ya tarehe 3 Mei, msajili akalifungua, akanakili, akagonga muhuri, na saa tano asubuhi nilikuwa nje nikiwa na cheti chako. Tangu siku hiyo kimekuwa katika droo ya meza yangu. Nilidhani kwamba bila karatasi hutasimama. Mimi ni mtu wa nyaraka. Niliamini kwamba mlango usio na ufunguo huachwa. Haikunijia akilini kwamba mtu anaweza kuuvunja kwa uso.

Tangu hapo nimejiuliza kama nilikuzuia kwa upendo, au nilitaka tu isijulikane kwamba mtoto wa miaka kumi na minne aliyesoma cheti cha marehemu mbele ya wageni ndiye mwalimu wa historia wa leo. Siku nyingine naona ni la kwanza, siku nyingine la pili. Ninaogopa kwamba yote mawili ni kweli, na kwamba kwako hakuna tofauti.

Cheti kimo humu. Kina muhuri na saini mbili. Mpe yule wa kitabu, mpe ligi, mpe yeyote anayeuliza. Wakitaka nije kuapa, nitakuja.

Andika hata mstari mmoja.

Eneida


San Lucio
5 Septemba 1976

Eneida,

Salamu kwako na kwa mama. Naandika mwenyewe, kalamu ni mkono wa kulia, haukuguswa. Kusema ndiko siwezi. Taya limevunjika mahali pawili na wamelifunga kwa waya, nakunywa supu kwa mrija. Meno saba yameondoka. Jicho la kushoto linaona mwanga, halioni vitu. Mwambie mama la meno tu.

Nikupe ilivyokuwa, ili usiisikie kwa wengine. Jua la saa tisa. Watu wamejaa hadi juu ya ukuta. Padri akabariki ndege. Nikapewa kipaza sauti, nikasema: "Miaka yote hii mmenishangilia kwa jina la ndugu yangu aliyekufa mtoto. Mimi naitwa Radhamés Peguero, mwana wa Ercilia, wa Consuelo. Leo nishangilieni mimi."

Wale watu wakacheka. Walidhani ni mzaha wa sherehe. Yule wa karanga akapiga kelele, "Hata ukiitwa Napoleoni, mzee, daka!" Nami nikacheka, ningefanyaje. Wawili tu hawakucheka. Mmoja ni Don Heriberto. Mwingine ni mtu wa ligi, niliona anaandika.

Mpira wa kwanza ulivunja paa la gari nje ya uwanja. Wa pili ulianguka kati ya mstari na benchi ukachimba shimo. Wa tatu niliuona tangu ulipoachiwa. Sijui nikuelezeje. Sikusogea. Ulikuwa unanijia mimi. Niliinua glovu juu ya uso, na mpira ukaingia, na glovu ikanipiga, hilo nakumbuka, kwamba nilipigwa na mkono wangu mwenyewe. Nikaamka nimelala chali na Chuy ananilia kifuani. "Toa mkono, kaka, toa mkono waone!" Sikuweza. Akauinua yeye. Mpira ulikuwa ndani, haukutoka. Mita mia tatu na kumi. Wote waliona.

Sasa sehemu nyingine. Mtu wa ligi alikuja hospitali na faili. Kama Fausto Peguero alikufa mwaka 1945, alisema, basi tangu 1963 nilipoingia Mexico mimi si mchezaji wa mtu, michezo yangu yote inafutwa, na kibali changu cha kukaa nchini ni cha uongo, siku kumi niwe mpakani, waya mdomoni au bila waya. Akauliza, "Una cheti cha huyo Radhamés?" Nikaandika kwenye ubao wangu: *kinakuja*. Akasema atasubiri wiki mbili. Alisubiri nne, alikuwa mtu mwema kwa kadiri ya kazi yake.

Maana kama ningekuwa nacho, alisema, angekipeleka kwenye kamati. Kuna wengine waliowahi kusamehewa, waliokuja na karatasi wakakiri wenyewe. Bila karatasi mimi ni mtu anayejiita jina tu.

Don Heriberto akaja na mwanasheria. "Fausto, mwanangu, jua lilikuwa kali siku ile. Mazoezi ya wiki tisa, mipira kichwani. Mtu huchanganyikiwa, si aibu. Saini hapa kwamba ulichanganyikiwa, tumalize." Nikaandika kwenye ubao: *nililisema kabla sijapigwa*. Akausoma, akaufuta kwa kiganja, akanirudishia.

Nilitia saini Jumanne, tarehe 24 Agosti. Bahasha yako ilifika Alhamisi.

Kwa hiyo kitabu kitaandika Fausto Peguero, umri miaka 37. Misimu imebaki, kibali kimebaki. Wamenipa kazi ya kupasha moto warushaji, nitaanza taya likifunguliwa. Cheti nakirudisha humu, mtu aliyeapa kwamba yeye ni Fausto hawezi kukutwa nacho.

Kuhusu droo yako, nimejaribu kuandika mara mbili. Karatasi zile nimezichoma. Sikuwa na hasira, ila hazikuwa na kitu ndani.

Ukiniandikia, usinitaje ndani ya barua kama ulivyozoea. Huku wanafungua bahasha sasa.


Santo Domingo
4 Novemba 1976

Kaka yangu,

Nimeanza kwa neno hilo peke yake kwa sababu sikujua niongeze lipi. Barua hii haipiti posta, anakuletea mkononi yule mrushaji wa Consuelo. Mama ni mzima na anauliza kama taya limefunguliwa. Nilimwambia la meno tu, kama ulivyoagiza, lakini nadhani alisoma lililobaki katika namna nilivyokunja barua. Paa la jikoni limetengenezwa. Chuo kimefungwa tena.

Gazeti la mwezi uliopita liliandika habari ndefu, na picha ya zamani ambayo ndani yake bado unacheka. Jina liko juu kwa herufi kubwa. Majirani walimletea mama nakala sita. Alizipokea zote, akamshukuru kila mmoja, akaziweka chini ya godoro.

Juzi ilikuwa Siku ya Marehemu. Tulikwenda makaburini asubuhi na ndoo, ufagio na kopo la rangi nyeupe, kama kila mtu. Nilipalilia kwa baba. Mama alikuwa kwenye ule msalaba mdogo ulio kando yake, akiongea na mchoraji anayezunguka na brashi akiandika majina. Niliposogea nilimkuta mama ameshapaka nyeupe juu ya maandishi ya zamani.

"Doña Ercilia," mchoraji anasema, "si huyu ni Fausto? Mimi mwenyewe nimemwandika miaka minane mfululizo!"

"Fausto yuko Mexico," mama akamwambia. "Wewe husomi magazeti?"

"Nasoma, doña. Ndiyo maana nauliza."

"Basi andika Radhamés. Andika taratibu, ni refu, lisikuishie ukingoni."

Nilimshika mkono. Nilimwambia, "Mama, huyu ni mtoto wako mwingine, na yule yuko hai, anafanya kazi, anakula." Hakuuvuta wala hakugeuka. "Najua nani yuko hapa," alisema, "nilimfunga sanda mimi. Lakini mmoja amelichukua jina lake na hawezi tena kulirudisha. Mtoto wangu hatalala bila jina, na jina la yule halitakaa nje bila pa kulala. Niachie."

Niliuachia mkono wake. Bado ninatafuta la kumjibu, na kila ninalolipata ni la darasani.

Mchoraji aliandika jina lako, kwa mkono mzuri, herufi zikijibana kidogo mwishoni. Kisha akauliza mwaka wa kuzaliwa, nami nikasema 1935, kwa kuwa ndio ulioandikwa kwenye cheti. Akauliza mwaka wa kufa. Mama akanitazama mimi.

Nikasema 1956.

Akauandika bila kuuliza zaidi, akapuliza rangi, akachukua kopo lake na kwenda kwenye kaburi la pili. Njiani kurudi nilianza kufikiri kwamba ningepaswa kusema 1976, na hadi usiku huu sijui upi ni sahihi.

Eneida